Mwenyewe Yupo: Mchana Mmoja kwenye Hoteli ya Kiirani, Mumbai

Mama alikuwa na siku nne hajala chakula cha kueleweka. Tulikuwa Mumbai kwa matibabu, safari ambayo nyumba nyingi za Unguja, Dar es Salaam na Mombasa zinaijua: bahasha nene ya vipimo, sanduku moja la nguo, na chupa ya achari iliyofungwa na shangazi kwa mifuko mitatu isije ikavuja ndani ya ndege. Matibabu yalikwenda vizuri. Daktari alisema kilichobaki ni kula na kupumzika. Kupumzika mama alikuweza. Kula ndiko kulikomshinda. Supu ilirudi kama ilivyoletwa, wali ukarudi, mkate nao ukarudi umemegwa pembe moja tu.

Siku ya tano aliniita, akakaa kitako kitandani, akasema, "Mwanangu, nitafutie pahala wanapopika, na mwenyewe yupo."

Nilimwelewa, maana hiyo ni kanuni yake ya tangu zamani. Mama hakai kwenye hoteli yoyote kabla hajauliza pale mlangoni, "Mwenyewe yupo?" Akiambiwa hayupo, ameshuka mjini, basi naye anaaga kwa adabu na kuondoka. Nilipokuwa mdogo nilidhani anataka kumjua wa kumlalamikia chakula kikiwa kibaya. Ilinichukua miaka mingi, na safari ya kuvuka bahari, kuelewa anachokitafuta hasa.

Bahati nzuri nilikuwa na pa kumpeleka. Kila asubuhi, mama akiwa bado amelala, nilikuwa nikienda kunywa chai Kyani & Co., chini ya jengo la Jer Mahal, upande wa Dhobi Talao. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1904. Ukiingia unakuta meza zenye vitambaa vya miraba myekundu na myeupe, mitungi ya kioo iliyojaa biskuti, na wazee wanaosoma gazeti ukurasa kwa ukurasa bila haraka ya mtu yeyote. Unaagiza bun maska, yaani mkate mviringo laini, uliopasuliwa katikati na kupakwa siagi bila ubahili, na chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikakolea. Kisha unachovya. Hakuna anayekutazama vibaya kwa kuchovya, kwa sababu kila mtu anachovya. Asubuhi ya kwanza nilipoona meza nzima ya makarani wamevaa tai na wanachovya mkate kwenye chai, nilihisi niko kwetu Malindi, Unguja, kwenye benchi, nasubiri duka lifunguliwe.

Hoteli za namna hii watu wa Mumbai huziita za Kiirani, na historia yake inafaa kusimuliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Wazoroasta wengi waliondoka Iran, hasa sehemu za Yazd na Kerman, wakikimbia dhiki na kubaguliwa kwa ajili ya dini yao. Walipofika Bombay, kama mji ulivyoitwa wakati huo, walikuta ndugu zao wa imani moja, Waparsi, ambao mababu zao walikuwa wametangulia kuingia Gujarat zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Waparsi wengi walikuwa wameshajijenga kwenye biashara kubwa, meli na viwanda. Hawa wageni wapya walianza na birika.

Inasimuliwa kwamba wafanyabiashara wa Kihindu waliziogopa nyumba za pembeni, zile zinazokaa kwenye makutano ya njia, wakiamini zina nuksi. Wairani hawakuwa na imani hiyo, wakazichukua. Ile pembe iliyoogopwa ikawapa mwanga wa pande mbili, upepo wa pande mbili na wateja wa mitaa miwili. Ndani waliweka meza za marumaru, vioo vikubwa ukutani, na viti vyeusi vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, vilivyoletwa kwa meli kutoka Ulaya ya kati. Tena walifanya jambo kubwa zaidi ya viti. Katika mji ambao dini na tabaka viliamua nani ale na nani na wapi, wao walimkalisha kila aliyekuwa na pesa ya chai. Mwanasheria alikaa, dereva wa teksi akakaa, mwanafunzi akakaa na kikombe kimoja kwa saa mbili. Kufika katikati ya karne iliyopita hoteli hizi zilihesabika kwa mamia. Leo zimebaki chache sana.

Miongoni mwa zilizobaki, moja ndiyo niliyomchagulia mama: Britannia & Co., mtaa wa Ballard Estate, iliyofunguliwa mwaka 1923.

Tulikwenda na teksi, mama amejifunga mtandio wake wa rangi ya zambarau, mimi nimeshika mkoba wa dawa. Ballard Estate ni mtaa uliojengwa juu ya ardhi iliyotwaliwa baharini, miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, na msanifu wake, George Wittet, ndiye aliyechora pia lango kubwa la Gateway of India. Majengo ni ya mawe, mazito, yamepangwa kwa nidhamu, na miti imeinama juu ya njia kiasi kwamba jua la saa sita linakufikia vipande vipande. Bandari iko hapo hapo karibu. Mama aliteremsha kioo cha gari akanusa hewa.

"Hii bandari," alisema. "Hapa ndipo ilipotoka Karanja."

Nilinyamaza nimsikilize. Karanja na Kampala ni meli za abiria ambazo kwa miaka mingi, mpaka miaka ya 1970, zilisafiri kati ya Bombay na pwani yetu, zikipitia Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Mama alizijua akiwa mtoto, akisimama Forodhani na binamu zake kuhesabu mashua zinazokwenda kupokea abiria. Kwake Bombay lilikuwa neno lililoandikwa kwenye masanduku. Sasa, akiwa na umri wa bibi, amelifikia neno lenyewe, na lina harufu ya chumvi na mafuta ya meli kama Malindi bandarini.

Britannia haikujipamba kukusubiri. Rangi ya ukuta imebambuka sehemu nyingi, dari iko juu kama ya msikiti, na mapanka yanazunguka polepole juu ya vichwa vya watu. Vile viti vya mbao iliyopindwa vimo, na mahali mikono ya watu inapovishika vimeng'ara kwa miaka mia moja ya kushikwa. Ukutani zimetundikwa picha ambazo huwezi kuzikuta pamoja mahali pengine popote: Malkia Elizabeth, Mahatma Gandhi, na Zarathustra, nabii wa Wazoroasta, na nuru kichwani. Mtawala, mpinzani wa utawala, na nabii, wote wanawatazama watu wakila wali.

Mama alisimama mlangoni, akanigeukia. Nilijua linalokuja.

"Mwenyewe yupo?"

Nilimwambia kweli. Nilimwambia kuna mzee aliyeitwa Boman Kohinoor, na hoteli hii ilianzishwa na baba yake. Umri wake na wa hoteli ulikaribiana sana, wakakua pamoja, akaanza kazi humu akiwa kijana. Hata alipopindukia miaka 90 alikuwa bado anapita meza kwa meza, mgongo umeinama, kalamu mkononi, akiwauliza wageni wanataka kula nini na wametoka wapi. Alimpenda Malkia wa Uingereza kwa mapenzi yasiyojificha, na mwaka 2016 mjukuu wa Malkia, Prince William, na mkewe Kate walipofika Mumbai, walikutana naye. Watu walikuja kutoka mbali, na wengi wao walikumbuka mazungumzo ya yule mzee kuliko walivyokumbuka walichokula. Alifariki Septemba 2019, akiwa na miaka 97. Familia yake ndiyo inayoendelea.

"Mungu amrehemu," mama alisema, akaingia.

Mhudumu aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mvi zimetanda kichwani. Hakutukimbilia na orodha ya vyakula. Alimtazama mama, akautazama ule mkoba wa dawa mkononi mwangu, akatuhamisha kutoka meza ya katikati akatukalisha ya pembeni, ambapo upepo wa panka haukuwa mkali. Akaisogeza glasi ya maji karibu na mkono wake wa kulia. Mama alimfuata kwa macho mpaka alipotokomea jikoni.

Tukisubiri, aliinua macho kwenye ile picha ya nabii. Nikamweleza ni nani.

"Hawa ndio wa Nairuzi?"

Ndio, nikamwambia. Na hapo nilihisi bahari imekuwa nyembamba. Kila mwezi wa Julai, Makunduchi, watu wa kusini Unguja wanapigana kwa mabua ya migomba, wanachoma kibanda cha makuti, wanaoga mwaka. Wazee wetu wanaiunganisha sherehe hiyo ya Mwaka Kogwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, iliyoletwa na pepo za kaskazi pamoja na majahazi. Tumebeba vitu vingi vya watu wa upande ule bila hata kukumbuka kwamba tumevibeba. Neno bandari ni la Kiajemi. Serikali ni neno la Kiajemi. Pilau na biriani, vyakula ambavyo bila hivyo hatuozi wala hatuli Idi, majina yake yametoka huko huko. Basi mama alipokaa Britannia kusubiri pilau, alikuwa amekaa kwa jamaa wa mbali waliopotezana muda mrefu.

Na pilau ndiyo iliyokuja. Hapa wanaiita berry pulao, na chanzo chake ni mke wa marehemu Boman, aliyewahi kufanya kazi Iran akarudi na mapishi ya huko, akayakutanisha na viungo vya Bombay. Tuliagiza ya mbuzi. Ilipowekwa mezani, kilichoonekana ni wali tu: punje ndefu, zimeachana, nyingine nyeupe, nyingine zimeshika rangi ya zafarani. Juu yake vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia, korosho, na tunda dogo jekundu, dogo kuliko zabibu kavu, linang'aa kama ushanga. Hilo ndilo zereshk, linaloletwa kutoka Iran.

Mama alishika kijiko akaufunua wali taratibu upande mmoja. Chini yake ndimo ilimokuwa nyama, imelala ndani ya mchuzi mzito, pamoja na vidonge vya nyama ya kusaga. Mvuke ukapanda. Alifumba macho kidogo. Mtu aliyekaa na mpishi hodari miaka mingi anajua maana ya mvuke wa kwanza: ndipo viungo vinapojitaja kwa majina, mdalasini, iliki, bizari. Akachukua tunda moja tu kwa ncha ya kijiko, akaliweka ulimini, akalibana kwa meno ya mbele.

Nilingoja.

"Lina ukali wa ukwaju," alisema, "halafu utamu unakuja nyuma, kama umechelewa njiani."

Akachukua la pili. Kisha akala wali. Kisha akala nyama. Sikusema neno nisije nikaikatiza riziki. Ule ukali mdogo ndio uliokuwa ukikosekana siku zote nne. Mgonjwa anayeinuka kitandani ulimi wake umelala, na chakula laini kisicho na ladha, ingawa kinapikwa kwa nia njema, hakiuamshi. Zereshk iliuamsha punje kwa punje. Nilikunywa soda nyekundu ya Pallonji, kampuni ya Kiparsi inayotengeneza vinywaji tangu 1865, huku namtazama mama akikwangua pembe za sahani. Mwishoni aliletewa kastadi ya karameli, inatikisika kwenye kisahani, na hiyo nayo akaimaliza.

Nilipata nafasi ya kutazama huku na huko. Meza ya jirani walikaa vijana wa ofisini, wanne, wanakula haraka kwa sababu saa ya chakula inakwisha. Nyuma yao familia ya vizazi vitatu, bibi anamlisha mjukuu. Pembeni mzee mmoja peke yake, ambaye hakuagiza kwa mdomo. Aliketi tu, na sahani yake ikaja. Hoteli hii hufunguliwa mchana tu. Inapika kwa ajili ya mlo mmoja, inaupika vizuri, halafu inafunga. Hakuna chakula cha usiku hata wageni wangejaa mpaka barabarani. Nilivutiwa sana na kiasi hicho. Biashara iliyojua kutosheka ndiyo imepata miaka mia moja.

Watu wengi wanaosifu hoteli kongwe husifu saa ya ukutani, viti, na rangi iliyobambuka. Mimi pia navipenda. Lakini sura inaweza kuhama. London tangu mwaka 2010 kuna mikahawa ya Dishoom iliyojengwa kwa kuwaenzi hawa Wairani wa Bombay, na imefanya kazi nzuri ya kuwafahamisha watu wa mbali kwamba utamaduni huu ulikuwapo. Viti unaweza kuviagiza, saa unaweza kuinunua, na fundi hodari atakupakia rangi ionekane ya zamani. Ila huwezi kumwagiza mtu aliyekaa sehemu moja mpaka akajua kusoma mkoba wa dawa. Huyo hutengenezwa na miaka, na miaka haina njia ya mkato. Ukongwe wa Britannia nimeuona kwenye ile glasi ya maji iliyosogezwa kuliko ukutani.

Ndiyo maana kupotea kwa hoteli hizi kunaniuma. Sababu zinajulikana, na hakuna wa kulaumiwa kwa urahisi. Ardhi ya katikati ya Mumbai imekuwa na bei ya dhahabu. Watoto wa wenye hoteli wamesoma, wana kazi zao, wengine wako ng'ambo, na si haki kumlazimisha mtu kuamka alfajiri kusimamia tanuri kwa sababu tu babu yake alifanya hivyo. Jamii yenyewe ya Wazoroasta ni ndogo na inazidi kupungua. Mlango mmoja ukifungwa, wateja wake hawapati pengine pa kwenda kukaa pamoja. Kila mmoja anarudi kwake, na ule mtaa unabaki na pembe isiyo na mazungumzo.

Nasi tuna za kwetu. Nazifikiria hoteli ndogo za Mji Mkongwe, za Kariakoo, za Mji wa Kale wa Mombasa, ambako bado mwenyewe anakaa kwenye meza ya pesa, nyuma yake picha ya baba yake ukutani, na kila mteja anaamkiwa kwa jina la mtaa wake. Hizo hazitaandikwa kwenye vitabu vya wageni. Hazina mandhari ya bahari. Zina mchuzi uliopikwa kwa mkono mmoja miaka thelathini, na benchi ambalo maskini na tajiri wanasogeleana wapate kukaa wote. Tukizipita kila siku kwenda pale palipong'arishwa karibuni, tusishangae siku tutakapozitafuta tukakuta duka la simu. Hoteli kongwe haitunzwi kwa kusifiwa. Inatunzwa kwa kuliwa.

Siku ya mwisho Mumbai nilikwenda Britannia peke yangu. Mama alikuwa kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia, anafunga sanduku, anakemea zipu. Alikuwa anakula sasa, na rangi ya uso ilikuwa imemrudia, lakini alitaka pilau ile kwa mara moja tena kabla ya ndege. Yule mhudumu mwenye mvi aliponiona aliangalia nyuma yangu, mlangoni, akaona hakuna mtu. Akaweka kiganja chake usawa wa kichwa chake, akakizungusha kama anayejifunga mtandio, akainua nyusi. Alikuwa anamuulizia mama.

Nikamwonyesha kwa mikono kwamba ni mzima, anafunga mizigo, tunaondoka leo. Alitikisa kichwa kwa furaha, akaingia jikoni, akakaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Alipotoka alinipa furushi limefungwa vizuri. Nikalipa, tukapeana mikono.

Niliporudi, mama alilifungua kitandani, juu ya taulo. Juu ya chombo cha pilau kulikuwa na kifuko kidogo cha nailoni kimefungwa kwa uzi, na ndani yake zereshk tupu, kiasi cha kujaza kiganja. Hatukukiagiza. Hakikuwamo kwenye hesabu.

Mama alikiinua, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Leo mwenyewe alikuwepo?" aliniuliza.

Nikamwambia sijui, sikumwona, aliyenihudumia ni yule yule mzee wa siku ile.

Alikifungua, akala tunda moja, akakifunga tena na kukitia kwenye mkoba wake wa mkononi, sio kwenye sanduku.

"Alikuwepo," alisema.